Chevelle ya 1967: pampu na boksi la pawa stelingi vinarudishwaje kwenye sura ya kiwandani?

Chuma Chakavu

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kabla sijaharibu zaidi, maana nusu nimeshaharibu.

Nina Chevrolet Chevelle ya 1967, injini ya 327, na pawa stelingi ya Saginaw (jina la mtengenezaji wake) iliyokuja nayo tangu kiwandani. Mwaka jana pampu ilianza kuvuja. Nikaishusha, nikabadilisha sili, na kwa kuwa tayari ilikuwa mkononi nikasema ngoja niipendezeshe. Nikaisugua kwa brashi ya waya mpaka bati likabaki tupu, nikaipuliza rangi nyeusi ya kopo, ile ya kung'aa. Boksi la stelingi nikalipiga silva likiwa garini. Puli silva. Breketi nyeusi. Bolti zote nikatupa, nikaweka mpya zile nyeupe za kumeremeta. Mpira wa kurudisha mafuta nikaufunga kwa klampu za kukaza na bisibisi. Siku nilipomaliza niliacha boneti wazi mpaka jioni, kila anayepita aone.

Miezi minne tu. Shingoni mwa pampu, pale mafuta yanapodondoka ukijaza, rangi imelainika kama ulimbo. Ukigusa, kidole kinatoka cheusi na alama yake inabaki kwenye bati. Silva ya boksi imebanduka kwenye kona na chini yake kuna kutu mpya. Halafu akaja bwana mmoja anayeyajua magari haya, akainama, akatazama kimya kwa muda mrefu, akasema, "Umeivalisha nguo za harusi." Nilicheka. Usiku ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anasifia.

Sasa nimeshusha kila kitu tena: pampu, puli, breketi mbili, boksi, ule mkono unaokaa chini ya boksi, na mipira yote miwili. Pampu ni tupu, haina hata chembe ya rangi ya zamani ninayoiona. Boksi silva iko upande mmoja tu. Upande uliokuwa umegeukia chasi sikuufikia, una tope na grisi ya miaka yote hiyo. Nataka kila kipande kirudi kama kilivyotoka kiwandani, si zaidi na si pungufu. Nini kilikuwa cheusi, nini kilikuwa chuma kitupu, bolti zilikuwa za rangi gani, na nitazuiaje kutu kama kiwanda chenyewe kilikiacha chuma bila rangi? Kuna jamaa amenishauri nipeleke vyote vikapulizwe mchanga kwanza, tuanze upya. Nilikuwa nipeleke Jumamosi.

---

Kifuniko

Mkuu unajitesa. Piga nyeusi yote, funga boneti, endesha gari. Nani atainama kuangalia nyuma ya puli?

---

Mzee wa Spana

Mimi nitainama. Na nyuma ya puli ndipo ninapoanzia.

Chuma Chakavu, Jumamosi usiende popote. Weka chini brashi ya waya, sogea mbali na hilo boksi, kisha usome taratibu.

Hilo tope unaloliona uchafu ndilo shahidi wako wa mwisho. Wa pampu umeshamuua, usimuue na huyu. Grisi iliyoganda hutunza rangi vizuri kuliko kabati, kwa sababu maji hayapiti, jua halifiki, na hakuna mtu aliyehangaika kuisugua. Kwanza piga picha pande zote. Kisha tafuta kijiti cha mti, kichonge kama bisibisi bapa, na kopo la mafuta ya taa, na brashi ya kupakia rangi iliyochakaa ikawa laini. Lainisha, kwangua kidogo, futa, tazama. Lainisha tena. Maji ya presha usiguse, dawa kali ya kuondoa grisi usiguse. Hiyo kazi itakula jioni mbili au tatu, na unaweza kumaliza usikute kitu. Lakini ukikikuta, hakuna kitabu kitakachokuambia zaidi.

Nikupe mfano. Niliwahi kukwangua boksi kama lako nikakuta doa la rangi ya kijani, upana wa kidole gumba, limepakwa mara moja kwa brashi na kuachwa. Kutoka kwenye lile doa kulikuwa na mchirizi mmoja uliotiririka. Cha ajabu mchirizi ulikwenda kando, haukwenda chini. Nililigeuza boksi mezani mpaka mchirizi ukaelekea sakafuni, ndipo nikaona: lilipakwa likiwa limelala ubavu, kabla halijafungwa garini. Madoa hayo yalikuwa alama za wakaguzi. Mtu ameshapima, amekaza, amepaka, anashika linalofuata. Siku hizi nawaona watu wanabandika karatasi ya gundi wapate duara safi kama sarafu, halafu wanapaka. Fundi wa zamu hakuwa na muda wa kuchora duara. Ukirudisha doa, lirudishe na haraka yake.

Sasa mchanga. Nitasema hadharani ujinga wangu ili usiurudie. Miaka ya nyuma nilipeleka pampu ya Saginaw kupulizwa ikiwa haijafunguliwa. Nilijiona mjanja: matundu yote nimeziba kwa matambara, mdomo wa kujazia nimefunga kwa gundi. Ikarudi nyeupe kama mfupa. Nikapaka, nikafunga, nikawasha. Kwa dakika kumi ilikuwa kimya kabisa, halafu ikaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje, na kila nikikata kona sauti inapanda. Nilipoifungua nikakuta vumbi la mchanga ndani, jembamba kama unga wa muhogo. Humo ndani kuna rota yenye vibao 10 vinavyoteleza ndani ya nafasi zake na kusugua pete kwa ncha za mviringo, na mafuta yanasukumwa kwa presha inayozidi psi 1,000. Punje moja inatosha. Pete ilikuwa na mikwaruzo ninayoweza kuisikia kwa ukucha. Tambara halizuii mchanga, mkuu. Linauhifadhi tu mpaka utakapowasha.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kitu hakipulizwi kikiwa na kitu ndani yake. Bakuli la bati linaloshika mafuta ya pampu, likiwa peke yake, sawa, tena kwa vishanga vya kioo na presha ndogo, maana bati lile likipigwa kwa nguvu linajikunja. Breketi, sawa. Puli, sawa, ila tundu la shafti na mfereji wake wa ufunguo uvizibe kwa kitu kigumu. Mwili wa pampu na boksi la stelingi, hapana kabisa. Hivyo vinasafishwa kwa mkono. Na mchanga wenyewe wa mtoni au ufukweni usimruhusu mtu kuupuliza hata kwenye breketi. Vumbi lake linaua mapafu, na haliui haraka.

Sasa nini kilikuwa na sura gani. Ninasema kwa gari lako na kwa yale niliyofungua kwa mikono yangu. Pampu ilikuwa nyeusi ya mng'ao wa nusu, bakuli na mwili pamoja, imepulizwa ikiwa imeshaunganishwa. Ndiyo maana kwenye pampu ambazo hazijaguswa utaona rangi imepita juu ya maungio bila kuheshimu mpaka wowote. Puli na breketi nazo nyeusi, lakini zilipakwa kila moja kivyake, hivyo mng'ao wake haufanani sawasawa na wa pampu. Wengi wanakosea hapa: wanapaka vyote siku moja kwa kopo moja na vinaonekana kama vimezaliwa pacha. Usiogope vikitofautiana kidogo. Breketi ilifungwa baada ya injini kupigwa rangi yake ya chungwa, kwa hiyo ukikuta chungwa juu ya breketi, jua kuna mtu aliyepita hapo kabla yako.

Boksi ni chuma cha kusubu kitupu. Hakuna silva, hakujawahi kuwa na silva. Rangi ya chuma cha kusubu ni kijivu kizito kinachokaribia moshi, na uso wake una vinyweleo vya kalibu. Silva inajaza vile vinyweleo, na zile namba zilizoinuka zinavimba kama zimeumwa na nyuki. Itoe kwa dawa ya kutoa rangi na brashi ya nailoni.

Ule mkono wa chini ndio ninaoupenda kuliko vyote, na ndio unaoharibiwa kuliko vyote. Umefuliwa ukiwa mwekundu wa moto, kwa hiyo una ngozi yake: nyeusi yenye ubuluu kwa mbali, laini, na kwenye ukingo kuna mstari mpana uliosagwa pale kalibu mbili zilipokutana. Ile ngozi huwezi kuinunua wala kuipaka. Ukiupuliza mchanga inaondoka dakika moja, na baada ya hapo utakuwa unatafuta rangi ya kuigiza kitu ulichokuwa nacho. Sugua kwa mafuta na zile nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, basi. Na usiupashe moto, usiuchomelee, usiugonge kwa nyundo kuutoa; kuna pula yake, kifaa cha kuuvuta. Ukikatika ukiwa barabarani, usukani utazunguka na magurudumu yatakwenda yanakotaka.

Klampu za bisibisi kwenye mpira wa kurudi, toa. Zako zilikuwa za waya wa springi, zile za kubana masikio kwa koleo. Kitu kidogo, lakini mtu anayejua akiona ile ya bisibisi hahitaji kuangalia kitu kingine.

Kuhusu mng'ao wa nusu, watu wanabishana kwa namba zilizoandikwa kwenye makopo. Mimi natumia mkono. Paka kipande cha bati, kikauke kabisa, kisha ning'iniza mkono wako juu yake mchana, umbali wa shubiri moja. Ukiona kivuli cha vidole lakini huoni kucha, ndiyo hiyo. Ukihesabu kucha, inang'aa mno. Usipoona hata vidole, umepaka ubao wa shule.

Rangi yako ya kopo ililainika kwa sababu haikuwa na kigumishi, na mafuta ya stelingi huingia polepole kwenye rangi za namna hiyo. Tumia rangi ya sehemu mbili, ya kuchanganya na kigumishi. Lakini kile kigumishi kina sumu ya mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kama huna barakoa ya kuletewa hewa safi, mpe mwenye kibanda cha kupulizia akufanyie. Na ukipata rangi iliyokauka, iache wiki nzima kabla ya kujaza mafuta. Najua huwezi. Jaribu.

Chrysler walipoiweka pawa stelingi kwenye Imperial ya 1951, gari la kwanza la kuuzwa kwa watu kuwa nayo, waliuza wepesi wa usukani. Sura ya pampu haikumhusu mnunuzi. Ilipakwa nyeusi isipate kutu ghalani, yakaisha. Yule bwana wa nguo za harusi alikuwa anakuambia hivyo.

Za bolti nitamwachia Binti Zinki, nimeona yupo. Mimi kwa asidi sina adabu.

---

Kifuniko

Haya mzee, nimekaa kimya. Ila "ubao wa shule" nimeuchukua.

---

Binti Zinki

Shikamoo Mzee wa Spana. Nipo, nilikuwa nasubiri umalize.

Kaka Chuma Chakavu, kwanza, zile bolti za zamani kweli umezitupa, au umezitupa kwenye ndoo iliyo kona ya gereji kama tunavyofanya wote? Kama ziko kwenye ndoo, zirudishe. Vichwa vya bolti za kiwandani vina alama za watengenezaji wake, na bolti mpya hazina alama hizo. Hesabu na mistari iliyochomoza kichwani: mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8 iliyo ngumu zaidi. Usichanganye mahali pake, hasa zile tatu za inchi 7/16 zinazoshika boksi kwenye chasi.

Pili, nyeupe ya kumeremeta si rangi ya bolti zako. Nyingi za sehemu hiyo zilikuwa na fosfeti, yaani kijivu cheusi kisichong'aa, kama ncha ya penseli ya risasi. Si rangi. Chuma chenyewe kinaumwa na asidi kidogo, kinaota fuwele ndogondogo za fosfeti juu yake, na fuwele hizo zinanyonya mafuta. Mafuta ndiyo yanayozuia kutu. Fuwele ni sifongo tu. Fosfeti ya zinki inatoka kijivu cha kati, ya manganizi inatoka nyeusi zaidi. Kama una bolti ya zamani yenye sehemu iliyojificha chini ya washa, ifute na uangalie ni ipi.

Ninavyofanya mimi. Bolti inasafishwa mafuta kwanza, kabisa, halafu inapulizwa vishanga vya kioo, na kuanzia hapo haiguswi kwa mkono mtupu. Sitanii. Niliwahi kutoa bolti kwenye dawa ikiwa na kijivu kizuri kila mahali isipokuwa doa moja jeupe kichwani, na nilipolisogeza kwenye taa nikaona mistari ya kidole changu, yote, hadi ile sehemu yenye kovu. Kidole kina mafuta, na dawa haishiki palipo na mafuta. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, aluminiamu dawa itaila. Maji yawe yaliyochujwa chumvi. Joto karibu nyuzi 90, lisichemke. Ukitumbukiza, mapovu yanaanza kutoka kwenye bolti. Yakishapungua, mara nyingi kati ya dakika 10 na 20, kazi imekwisha. Suuza, kausha kwa joto, na itumbukize kwenye mafuta ingali na uvuguvugu. Hapo ndipo utaona kijivu kinageuka kuwa cheusi mbele ya macho yako. Kabla ya mafuta inaonekana kama imevaa vumbi, usikate tamaa ukairudisha kwenye dawa.

Tatu, na hapa nasema kwa ukali. Zile bolti mpya nyeupe usizivue zinki yake kwa asidi ya betri au ya kusafishia vyoo ili uzitumie badala ya za zamani. Asidi inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu. Bolti inabaki inaonekana nzima, unaikaza, inakubali, unalala. Kesho au keshokutwa inakatika yenyewe, gari likiwa limesimama. Chuma kadiri kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyoathirika zaidi. Bolti ngumu ikichovywa zinki kwa umeme inatakiwa iokwe ndani ya saa chache, karibu nyuzi 200, kwa saa kadhaa, haidrojeni itoke. Mchovyaji akikuambia haoki, mshukuru na uondoke na bolti zako. Kwa zile tatu za boksi mimi sitii asidi ya kuvulia hata kidogo: vishanga, fosfeti, mafuta. Na moshi wa asidi, hata ukifunga kopo, utakupa kutu kwenye kila spana uliyonayo ndani ya wiki. Niulizeni.

Nne, zile nati za kwenye ncha za mipira. Ukikuta ina weupe uliopoa, kama fedha iliyopumua, si buluu kama zinki, inawezekana ni kadimiamu. Usiisage, usiipulize, usiipashe moto, usiitie brashi ya waya. Vumbi lake na moshi wake ni sumu kweli. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta, iache ilivyo. Weupe wake ukiutaka kwenye kipande kingine, zinki yenye tabaka la kinga la kromati isiyo na rangi, ikishafifishwa kidogo, inamdanganya mtu aliyesimama. Aliyeinama kama mzee wetu haimdanganyi.

Kwenye jambo moja sikubaliani na mzee. Chuma kitupu cha boksi ukikiacha kitupu, kwa mtu anayeendesha gari kwenye mvua, kitakuwa chekundu kabla hajamaliza kusifiwa. Mimi ningepuliza rangi ya kijivu cha chuma cha kusubu, tabaka moja jembamba sana.

---

Mzee wa Spana

Marahaba binti. Tabaka moja jembamba na mimi nitaliona. Lakini umesema kweli kuhusu mvua. Mwenye gari la maonyesho afute mafuta mepesi kwa kitambaa kila mwezi. Mwenye kuendesha apake nta ya kuzuia kutu, ile inayokauka bila kunata. Inafanya chuma kionekane kimeloa kidogo, na hilo naweza kuishi nalo. Rangi ya kijivu iwe ya mwisho kabisa, kwa boksi ambalo limeshaliwa na kutu likawa na mashimo. La huyu bwana halijafika huko.

Nimesahau jambo, Chuma Chakavu. Pampu yako ya 1967 shafti yake ina ufunguo wa nusu mwezi na nati mbele. Pampu nyingi za Saginaw za miaka ya baadaye hazina. Puli inasukumwa kwa nguvu bila ufunguo. Akija mtu kukushauri ununue iliyokarabatiwa tayari, angalia shafti kwanza, vinginevyo puli yako ya asili itabaki pambo la ukutani. Na wakati wa kurudisha puli usiigonge kwa nyundo. Nguvu yote inakwenda kwenye vibao na sahani zilizo nyuma yake.

---

Chuma Chakavu

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Ndoo ilikuwepo. Bolti tisa kati ya kumi na moja zilikuwa ndani yake, chini ya plagi za zamani. Dada, ulijuaje?

Boksi lilinichukua jioni nne na vijiti sita. Kwa jioni tatu ilikuwa tope tu, na nilimtukana Mzee wa Spana moyoni, samahani sana. Jioni ya nne, karibu na pale shafti ya usukani inapoingia, kijiti kilitoka na kitu cha njano. Nilidhani ni udongo. Nikalainisha, nikafuta kwa pamba, nikaona ni rangi. Mstari mfupi, kama mtu alikuwa anafuta brashi tu. Haufiki urefu wa kiberiti. Nimekaa nao nusu saa. Sikuusogelea tena, nimesafisha kando yake na kuuacha.

Pampu nayo imenishangaza. Nilisema ni tupu, lakini nilipotoa bakuli, mwili wa pampu ulikuwa na mstari mweusi pale ukingo wa bakuli unapokaa juu ya ile sili kubwa ya duara. Upana wa nusu milimita, hivi. Brashi yangu ya waya haikuweza kuingia hapo. Nilipaka vipande vitano vya bati kwa michanganyiko mitano nikavilinganisha na ule mstari kwa kioo cha kukuza. Kilichofanana ni cha tatu. Kwenye jaribio la mkono kilitoa vidole bila kucha, nikapiga kelele peke yangu gereji. Rangi ya sehemu mbili amenipulizia mtu mwenye vifaa. Wiki nzima nilivumilia siku tano.

Fosfeti: mara ya kwanza bolti tatu zilitoka na mabaka. Nilivaa glavu, lakini zilikuwa zile zile nilizoshikia mipira ya mafuta. Nikapuliza vishanga tena, glavu mpya, zikatoka sawa. Ule wakati wa mafuta, kijivu kinapogeuka, nimemwita mke wangu aje aone. Alitazama, akauliza kama ndiyo hicho tu.

Mkono wa chini nimeukuta na ngozi yake, ubuluu upo. Nimeufuta mafuta tu. Boksi nimelipa nta, kwa sababu gari hili linatembea. Mpira wa presha nimeuacha wa zamani na kuhifadhi, nimefunga mpya wenye ncha za umbo lile lile, klampu za springi zimerudi. Nimewasha jana. Haivuji, hailii.

Swali la mwisho: bolti mbili zilizokosekana nimeweka za gredi ile ile nikazipa fosfeti, lakini vichwa havina zile alama za watengenezaji wa kiwandani. Niziache?

---

Binti Zinki

Ziache. Ziweke upande wa chini, na uendelee kuangalia kwenye ndoo za watu.

---

Mzee wa Spana

Siku tano si wiki. Ila ule mstari wa nusu milimita umenifurahisha kuliko nilivyotaka kuonyesha. Kama uliupiga picha kabla hujafunga bakuli, iweke hapa.

---

Chuma Chakavu

Picha ninayo mzee, naiweka jioni.

---

Kifuniko

Wakuu, nimeinama leo kwenye gari langu. Kuna doa jeupe juu ya boksi la stelingi, na lina mchirizi. Ni la mkaguzi au ni la kuku wanaolala gereji?

---

Mzee wa Spana

Litie kijiti chenye mafuta ya taa. Likitoka kama unga, ni la kuku.